Lenzi ya Kukuza: Pima Mwenyewe Kabla ya Kulipa

Karibuni, ndugu watazamaji. Hapa mezani nina lenzi tatu: hii pana yenye mpini, ya kusomea gazeti, hii ya mafundi saa, inayobanwa jichoni, na hii ndogo ya kukunja, ambayo mnunuzi wa vito kule Mererani, kwenye machimbo ya tanzanaiti, hatoki nyumbani bila kuwa nayo. Kila moja imeandikwa namba ya ukuzaji, kama 10X, yaani inakuza mara kumi. Nataka leo uweze kuihakiki namba hiyo kwa rula tu, kwa sababu watu wengi wanauziwa namba, si lenzi.

Tuanze na jicho. Shika sarafu, unyooshe mkono, kisha isogeze usoni taratibu. Inazidi kuwa kubwa, halafu ghafla inaingia ukungu. Jicho limefika mwisho wake. Kwenye hesabu za lenzi, umbali wa kuona bila taabu huchukuliwa kuwa sentimita 25. Lenzi iliyobinuka katikati hupinda miale ya mwanga, na hivyo jicho linaweza kuona vizuri kitu kilicho karibu zaidi ya hapo. Lenzi ya 10X inakuonyesha sarafu kana kwamba umeitazama kutoka sentimita 2.5.

Sasa tupime. Mchana, simama upande wa chumba ulio mbali na dirisha. Bandika karatasi nyeupe ukutani, shika lenzi mbele yake, isogeze mbele na nyuma. Umeona? Dirisha limejichora kwenye karatasi, juu chini, hadi nondo zinaonekana. Hapo picha inapokuwa kali kabisa, pima kwa rula kutoka lenzi hadi karatasi. Huo ndio urefu wa fokasi. Gawanya 25 kwa urefu huo. Hii ya gazeti imetoa sentimita 10, basi ni 2.5X. Kwa lenzi ndogo na nene kipimo hiki ni cha kukadiria, lakini kinatosha kumuumbua muuzaji: 30X ya kweli ingetaka fokasi isiyofika hata sentimita moja. Ukipata mbili na nusu, hiyo ni 10X.

Tafadhali, usiielekeze lenzi kwenye jua wala usilitazame jua kupitia lenzi. Na usiiache dirishani; inaweza kuwasha moto.

Namba kubwa ina gharama yake. Lenzi ikiwa na nguvu, eneo unaloliona linapungua, mwanga unapungua, na mkono ukitikisika kidogo tu kitu kinapotea. Tena, lenzi pana kama kiganja haiwezi kuwa 10X, hata iandikwe hivyo kwa dhahabu. Mzee anayesoma mistari ya Kurani au Biblia mchukulie 2X hadi 2.5X, pana, na umtafutie taa nzuri. Fundi wa simu anayekagua sakiti, 5X inamtosha kwa kazi nyingi.

Kwenye vito, kipimo kinachokubalika duniani ni 10X, lakini chagua yenye vipande vitatu vya kioo vilivyogandishwa pamoja. Kioo kimoja chenye nguvu hiyo hupindisha mistari na kuweka rangi za upinde wa mvua pembezoni. Ijaribu dukani: iweke juu ya karatasi ya miraba. Mistari ikibaki imenyooka hadi ukingoni, na bila rangi, hiyo ni nzuri. Ikipinda, irudishe.

Kuitumia sasa, na hapa ndipo wengi wanakosea. Usiishike mbali kama mpelelezi wa sinema. Ilete karibu kabisa na jicho, mkono uegemee shavu. Jiwe lishike kwa kibano, mikono yote miwili igusane ili isitikisike, kisha lete jiwe kwenye lenzi. Jicho la pili liache wazi, usije ukachoka haraka. Mwanga utoke ubavuni. Angalia ndani ya jiwe hili la bluu: viputo vya mviringo, kama vya soda. Hiki ni kioo kilichotiwa rangi, si tanzanaiti.

Ukimaliza, puliza vumbi kwanza, ndipo ufute kwa kitambaa laini cha miwani. Ukifuta na vumbi lake, chembe za mchanga zitaikwaruza.