Uzi Uleule, Rangi Mbili

Mhadhara uliotolewa Mwanza mbele ya washonaji, wafumaji na mafundi cherehani

Mwangaluka, ndugu zangu. Asanteni kwa kufika mapema. Naona wengine mmetoka Igoma na Buswelu, na pale nyuma nimesalimiana na kina mama waliofika jana kwa meli kutoka Nansio. Karibuni sana.

Nimeombwa nizungumzie kudarizi kwenye kanvasi. Kazi yenyewe ni hii hapa mkononi mwangu. Haizidi kiganja: sentimita 7 na kidogo kila upande, visanduku tisa, na rangi moja tu, buluu. Nakizungusha kitambaa hiki, kila mtu akishike. Msiogope kukigusa. Kigeuzeni dirishani, kilazeni, kisha mkisimamishe. Nitawauliza mlichokiona.

Kwanza kanvasi. Wengi mkisikia jina hilo mnafikiria turubai la kufunikia lori. Hii ni nyingine. Ni kitambaa cha pamba kilichofumwa wazi na kutiwa gundi kikakauka kigumu, kila uzi umesimama mbali na mwenzake, katikati pamebaki tundu la mraba. Hupimwa kwa kuhesabu nyuzi katika inchi moja: ipo ya 10, ya 12, ya 14, ya 18. Nyie watu wa ziwa sina haja ya kuwaeleza sana. Mvuvi wa Kirumba hanunui wavu kwa kuutazama rangi. Anauliza jicho lake inchi ngapi, na wa dagaa anauuliza kwa milimita, kwa sababu jicho la wavu ndilo linaloamua samaki gani atabaki ndani. Tundu la kanvasi nalo ndilo linaloamua uzi gani utakaa. Uzi mwembamba kwenye tundu kubwa unaacha kanvasi ikichungulia, na uzi mnene kwenye tundu dogo unakwaruzika kila unapopita, ukifika mwisho umekwisha manyoya.

Kuipata hapa mjini ni kazi, nakiri. Nimejaribu vitu vingine. Gunia la kawaida limenisumbua kwa sababu nyuzi zake hazilingani unene, huku mraba ni mpana, pale umebanana. Wavu wa dirishani wa kuzuia mbu ulinipa matumaini, mpaka nilipouhesabu: ule niliopata ulikuwa na matundu 18 katika inchi upande mmoja na 16 upande wa pili, mraba wangu ukatoka umelala kama tofali. Kwa mazoezi ya mkono unafaa. Kwa kazi ya maumbo, ambamo mraba lazima uwe mraba, tafuteni kanvasi yenyewe, hata kipande cha sentimita 17 kwa 17 kitatosha kwa kazi hii na ukingo wake.

Kila kisanduku hapa kina nyuzi 12 za kanvasi kwenda na 12 kushuka. Nimechagua 12 kwa sababu inagawanyika kwa 2, kwa 3, kwa 4 na kwa 6, kwa hiyo karibu kila mshono wa maumbo unaingia humo bila kubakiza kipande kichovu pembeni. Visanduku vitatu ni nyuzi 36, ongeza mistari minne ya kuvitenga, uzi mmoja kila mstari, unapata 40. Kwenye kanvasi ya 14 hizo ni pungufu ya inchi 3. Hesabu yote ya kazi hii ndiyo hiyo, na mtu aliyewahi kukata gauni hawezi kushindwa.

Sasa nawauliza. Mama pale mbele, umeona nini? Anasema kuna buluu mbili. Na wewe mwanangu? Tatu. Ndugu zangu, kisanduku kile cha juu kulia kimeshonwa kwa uzi mmoja, nilioukata kwenye kibumba kimoja, siku moja. Ni miraba midogo ya mshazari, kila mmoja una mishono mitano inayovuka nyuzi 1, 2, 3, 2, kisha 1 za kanvasi. Mraba wa kwanza nimeulaza kuelekea kulia, wa pili kushoto, hivyo hivyo hadi mwisho. Basi. Mnachokiona kuwa rangi mbili ni mwelekeo.

Mkitoka nje mtazame ziwa kutokea pale kwenye Mwamba wa Bismarck. Asubuhi likiwa shwari, maji yote ni rangi moja. Upepo ukianza kupiga kipande kimoja, kipande hicho kinakuwa cheusi au cheupe kulingana na mahali ulipo, na maji ni yaleyale. Kinachobadilika ni pembe ambayo mwanga unapiga na kurudi machoni mwako. Uzi unaong'aa unafanya hivyo hivyo. Ukiulaza upande mmoja unarudisha mwanga kwako, ukiulaza upande wa pili unaupeleka kwa jirani yako. Ndiyo maana nimewaambia mkigeuze: ile miraba iliyokuwa inang'aa inazimika, na iliyokuwa imezimika inawaka.

Sasa tazameni kisanduku cha chini yake. Umbo lilelile, hesabu ileile, mwelekeo uleule wa kupishana, ila uzi ni wa sufu. Hakiwaki. Sufu ina vinyweleo vinavyotawanya mwanga kila upande, kwa hiyo kulia na kushoto vinafanana karibu kabisa. Lakini kishikeni: ni laini, kimejaa, kanvasi haionekani hata chembe, kwa sababu sufu hutanuka na kujaza tundu. Hapo ndipo ninapotaka mniamini. Umbo likiwa limetulia, halibadiliki, ndipo unamwona uzi alivyo. Ukianza na ua lenye petali na majani na rangi nane, hutajua kizuri kimetoka wapi wala kibaya kimetoka wapi. Mraba hauna pa kujificha, na kitambaa kidogo cha namna hii kitakufundisha nyuzi kumi kabla hujamaliza kitambaa kimoja cha kochi.

Watu wameyajua haya zamani sana. Katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, kuna kitambaa cha sampuli kilichoshonwa na Jane Bostocke mwaka 1598, kwa hariri na nyuzi za madini juu ya kitani, na sehemu yake kubwa ni vipande vya mapambo ya maumbo vilivyopangwa kimoja baada ya kingine. Kitambaa cha sampuli kilikuwa daftari. Mtu akiona mshono kwa jirani, anarudi kushona kipande kidogo ili asiusahau. Hata kwetu pwani, mshonaji wa kofia za mkono anajua umbo kwa kuhesabu, na mkono ndio unaotunza hesabu hiyo.

Nije kwenye pamba, na hapa mniruhusu nikae kidogo, maana hii ni ardhi ya pamba. Wengi wetu tumelelewa kwa pesa ya pamba. Tumeichuma Kwimba, Magu, Misungwi, mikono imechanika kwa vikonyo vyake. Mbegu zake zimetafitiwa hapo Ukiriguru. Na pamba tunayoichuma haing'ai. Imefifia, nyeupe kama unga. Mbona uzi wa pamba wa kudarizi unang'aa karibu na hariri?

Unyuzi mmoja wa pamba, ukiutazama kwa hadubini, ni bapa na umejipinda kama utepe. Mwanga ukiupiga unatawanyika. Mwaka 1844 Mwingereza John Mercer aligundua kwamba ukiilowesha pamba katika soda kali, ile kostiki ya kutengenezea sabuni, unyuzi ule unavimba, unakuwa mviringo, unapata nguvu na unanywa rangi vizuri zaidi. Tatizo lilikuwa kwamba kitambaa kilisinyaa. Karibu 1890, Horace Lowe akaonyesha kwamba uzi ukivutwa kwa nguvu ukiwa ndani ya soda ile hausinyai, na juu ya hayo unatoka unang'aa. Uzi wa pamba wa kudarizi tunaoununua leo umepita njia hiyo. Mimi huumia nikifikiri kwamba sehemu kubwa ya pamba yetu inasafirishwa ghafi, kisha sisi tunautafuta uzi wa rangi dukani kwa bei ya kitu cha mbali. Nimelisema kwa sababu vijana wa ufundi wamo humu.

Nyuzi hizo za pamba zipo za namna mbili. Ule wenye nyuzi sita zilizolala pamoja, unaoweza kuzitenganisha, usiutumie kama ulivyotoka. Chomoa mmoja mmoja, kisha uzirudishe pamoja. Zikishatenganishwa zinalala bapa, zinafunika vizuri. Mshono wa mshazari unatosheka na nyuzi chache, lakini mshono uliosimama wima unahitaji zaidi, kwa sababu uzi uliosimama unapita katikati ya nyuzi mbili za kanvasi na kuacha mwanya pembeni. Namna ya pili ni uzi uliosokotwa kama kamba. Huo hautenganishwi, na namba yake ikipanda uzi unakuwa mwembamba: namba 5 unaifaa kanvasi ya 14, namba 8 ni mwembamba zaidi. Sindano nazo zina tabia hiyo. Chukueni butu, yenye tundu refu, isiyochoma nyuzi za kanvasi.

Zari, uzi wa kumetameta wa madini, ni msumbufu. Inachakaa inapopita tundu, kwa hiyo kateni fupi, sentimita 30 hivi, wakati pamba naikata 45. Nimeiweka kisanduku cha katikati peke yake, kwa mshono wa Rhodes, ule ambao nyuzi zote zinavukana kituo kimoja mpaka unainuka kama kichuguu. Miraba minne ya nyuzi sita kwa sita. Zaidi ya hapo ingelemea kazi yote.

Sasa niwaambie kosa langu. Kitambaa changu cha kwanza nilijaza nafasi iliyozunguka maumbo kwa mshazari wa haraka, ule unaookoa uzi, mstari baada ya mstari kwa upande mmoja. Nilipokitoa kwenye fremu kilikuwa kimepinda, mraba umekuwa kama mlango ulioegemea. Kila mshono ulikuwa unaivuta kanvasi upande uleule. Ndipo nilipojifunza mshono wa kikapu: unashuka kwa mshazari, unapanda kwa mshazari, na nyuma yake panatokea msuko kama wa kikapu au mkeka, unaoishika kanvasi isitembee. Tazameni kanvasi yenyewe: penye uzi wa wima juu, shukeni, penye uzi wa kulala juu, pandeni. Mkishuka mara mbili mfululizo utabaki mstari unaoonekana mbele, na hautoki.

Kitambaa kile nilijaribu kukiokoa. Nikakilowesha, nikakivuta juu ya ubao, nikakipigilia misumari. Kikanyooka. Lakini uzi mwekundu ulikuwa unachuja, ukaichafua nyeupe yote. Nililia, sisemi uongo. Siku hizi kila uzi mpya naulowesha na kuukandamiza kwenye pamba nyeupe kabla haujagusa kazi, na misumari natumia isiyoshika kutu.

Nimezungumza ya kutosha. Kwenye kikapu pale kuna vipande vya kanvasi, kingo nimeshazifunga utepe wa karatasi ili zisikwaruze uzi. Kila mmoja achukue kimoja, sindano moja, na nyuzi mbili za rangi moja, sufu na pamba. Tusogee upande wa madirisha ya ziwani. Fungeni fundo, lakini liacheni juu, upande wa mbele, mbali kidogo na mnapoanzia, tutalikata baadaye mshono ukishalifunika chini. Hesabuni 12 kutoka kwenye kona. Mama wa Nansio, njoo ukae hapa karibu nami, mwanga wa huku ni mzuri zaidi.