Maski Siku Moja Baada ya Baridi Kuingia

Ndugu zangu mlioweka makazi hapa Minnesota, bila shaka mmewasikia wavuvi wa jimbo hili wakimwita maski (muskellunge, samaki mkubwa mwindaji) samaki wa kurushiwa chambo mara elfu kumi kabla hajashikwa, na mmewasikia pia wakisema kwamba hewa baridi ikishuka kutoka Kanada hakuna haja ya kuingiza mashua majini, kwani hatang'ata. La kwanza nalikubali, tena kwa uchungu. La pili ndilo nililokuja kulipinga.

Lawama hutupiwa mgandamizo wa hewa, kwa kuwa baridi ikishapita barometa hupanda. Hebu tupige hesabu. Ongezeko la hektopaskali 10, ambalo si dogo, ni sawa na uzito wa maji ya kina cha sentimita 10 tu, na maski apandapo kutoka shina la magugu hadi karibu na uso wa ziwa hupitia badiliko kubwa kuliko hilo bila kususia chakula.

Kwa maoni yangu kinachomgeuza ni mwanga. Jana kulikuwa na mawingu na upepo wa kusini, mawimbi yakauvunja mwanga, naye akazurura juu ya magugu akiwinda. Leo anga ni jeupe, na upepo wa kaskazini magharibi ukishatulia ziwa huwa kama kioo, kwa hiyo hujibanza kivulini au hushuka ukingoni mwa magugu, pale kina kinapoanza ghafla. Hajaondoka, ila hataki kufuata kitu mbali. Mrushieni chambo bandia kidogo kuliko cha jana, kipite karibu naye kabisa, na mahali hapo hapo mparudie kutoka pembe nyingine. Akikifuata hadi mashuani msikinyanyue: zamisheni ncha ya fimbo, mchore nambari nane pana majini, kwani wengi hung'ata kwenye kona. Kisha jua linapozama rudini mahali mlipomwona mchana.

Katika maziwa mengi ya Minnesota haruhusiwi kuchukuliwa maski aliye chini ya inchi 54, yaani takriban sentimita 137, hivyo karibu kila mtakayemshika atarudi majini. Mwezi Julai, maji yanapokaribia nyuzi 27 za Selsiasi, samaki aliyechoka kwa kupambana anaweza kufa hata baada ya kuachiwa, na ndiyo maana majira hayo mimi huisubiri baridi hiyo hiyo inayolaaniwa.