Kuzima Sauti, Kuwasha Darasa: Tafakuri ya Mwanachuo Kuhusu Vyombo vya Kidijitali

Wakufunzi wetu, walimu wa shule zinazotupokea kila mwaka kwa mazoezi ya kufundisha, na wanachuo wenzangu, asanteni kwa kunipa nafasi hii. Nitazungumza kama mtu ambaye bado anajifunza kazi, aliyefundisha Jiografia katika shule ya kata yenye projekta moja na madarasa yenye wanafunzi zaidi ya 60. Hoja yangu ni kwamba chombo cha kidijitali kipimwe kwa maneno yanayowatoka wanafunzi wakati kinatumika na baada ya kuzimwa, kwa sababu ni rahisi mno kwa picha nzuri kulinyamazisha darasa zima, na mwalimu akadhani utulivu ule ndio usikivu.

Niwape mfano wa mada ya volkano katika Kidato cha Tatu. Wanafunzi wengi huijua lava kama uji mwekundu, kwa kuwa ndivyo inavyochorwa na kuonyeshwa mara nyingi. Lakini hapa kwetu Tanzania, kusini mwa Ziwa Natron, upo Ol Doinyo Lengai, volkano hai pekee inayojulikana duniani kutoa lava yenye wingi wa kaboneti za sodiamu na potasiamu. Lava hiyo hutoka ikiwa na nyuzi joto 500 hadi 600 za Selsiasi, ilhali lava ya basalti huzidi 1,000. Ukiitazama mchana ni nyeusi, hutiririka kwa wepesi wa ajabu, kisha ikikutana na unyevu wa hewa hubadilika ikawa nyeupe. Maelezo haya yakiandikwa ubaoni, mwanafunzi huyanakili akayapita, na hapo ndipo video ina kazi ambayo chaki haiwezi kuifanya.

Video niliyoipata ilikuwa na msimuliaji anayezungumza Kiingereza cha kasi, na wasikilizaji wake walikuwa vijana ambao miaka yote ya shule ya msingi walisoma kwa Kiswahili. Walitazama kimya hadi mwisho. Nikairudisha mwanzo, nikazima sauti, nikaisimamisha pale lava inaporuka kutoka kwenye kreta, yaani mdomo wa volkano, nikauliza wanaona nini. Mmoja akasema ni matope, mwingine akasema ni oili chafu. Wa tatu akapinga kabisa kwamba hiyo si lava, kwani lava ni nyekundu. Msichana mmoja wa nyuma akauliza kama ni matope, mbona majani yaliyoguswa yanaungua? Kuanzia hapo somo lilikuwa mikononi mwao. Mimi nilibaki kuandika ubaoni istilahi za Kiingereza ambazo mtihani utazidai, kila moja ikifuata jambo ambalo tayari walikuwa wamelibishania.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wazima wanaokadiriwa kuwa milioni 2 kwa njia ya redio, nao hawakuachwa wasikilize kila mtu kivyake. Walikaa katika vikundi vyenye kiongozi na kijitabu, na kipindi kilipokwisha walijadiliana hadi wakaamua la kufanya, kama vile kuchimba vyoo. Redio ilianzisha mazungumzo, kikundi kikayamaliza. Nashangaa tunavyozungumzia teknolojia darasani kana kwamba ilianza na intaneti.

Kuhusu vikwazo sitakawia, maana mnavijua: umeme hukatika, na bando la kupakulia video hulipwa kwa bumu la mwanachuo, yaani fedha yake ya kujikimu, ambalo nalo lina wadai wake. Wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni. Hata hivyo vipo vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022, ambavyo baadaye walikabidhiwa walimu. Kioo cha kishikwambi hakiwezi kutazamwa na watu 60, lakini kamera yake ni mali.

Katika mada ya mmomonyoko wa udongo, mwalimu mwenyeji alikubali kishikwambi chake kitumike, na vikundi vikaenda kwa zamu kupiga picha korongo lililo nyuma ya vyoo vya shule, mara moja kabla ya mvua na tena baada yake. Kundi moja, bila kuelekezwa na mtu, liliegemeza rula ya mita kwenye ukingo ili picha ionyeshe kipimo. Makundi mengine yalipoziona picha hizo yaliomba kurudia za kwao, kwa kuwa bila rula hayakuweza kuthibitisha kwamba korongo limepanuka. Huo ni ukusanyaji wa data, na umefanyika bila intaneti.

Kwa wakufunzi nina ombi moja. Mnapokuja kututathmini hukuta kwenye andalio la somo safu ya zana, nasi wanachuo tunajua kwamba projekta ikiwaka, safu hiyo imekwisha kupata alama. Ningependa mkae dakika chache zaidi, hadi projekta izimwe, muandike wanafunzi waliulizana nini. Na kwa wenzangu wa Jiografia, kabla hatujatawanyika kwenda mashuleni, tukusanye vipande vifupi vya video kwenye flashi moja, kila kipande kikiwa na maandishi yanayoonyesha kisimamishwe wapi na darasa liulizwe nini. Mimi nitaanza na hicho cha Lengai.