Ua linalolala kiangazi kizima

Wamama na wapapa, asanteni kwa kufika. Nimeombwa niongee juu ya maua yanayovumilia ukame hapa Lubumbashi. Mimi nitalitetea moja ambalo halivumilii, linajificha tu: gloriosa, kwa jina la kitaalamu Gloriosa superba. Ni la kwetu, linaota lenyewe porini Katanga. Zimbabwe wamelifanya ua la taifa.

Nguvu yake iko chini ya udongo. Hiki hapa kiazi chake: kimegawanyika sehemu mbili kama herufi V, na jicho la kuchipua liko kwenye ncha. Kinavunjika upesi, na ncha ikishakatika upande huo hauchipui tena. Ndiyo maana nakishika kwa mikono miwili. Kila msimu mmea unatengeneza kiazi kipya, cha zamani kinasinyaa.

Mvua inapokaribia, mwezi wa kumi, kilazeni ubavu, kina cha sentimita saba au nane. Udongo wetu mwekundu ukituamisha maji, ongezeni mchanga, inueni tuta. Udongo wa kichuguu waachieni wafyatua matofali. Simikeni fito, maana ncha za majani hujisokota na kushika chochote, na mmea unaweza kupita mita moja na nusu. Ua hufunguka na kijani na manjano, halafu siku zinavyokwenda linaiva kuwa jekundu, petali zake sita zimepinduka kuelekea nyuma.

Mvua ikiisha, majani yakageuka manjano, msimwagilie tena. Hata kikombe! Huruma ndiyo inayoliua ua hili: mtu anaona lupango lake, yaani kiwanja cha nyumba yake, tupu mwezi wa saba, analeta ndoo, kiazi kinaoza. Wekeni jiwe la alama tu, asije mtu akapiga jembe pale.

Sasa la hatari. Mmea mzima una sumu iitwayo kolchisini, na kiazi ndicho kibaya zaidi. Kinaua mtu. Kwa mtoto kinaonekana chakula, kwa hiyo kisikae karibu na viazi vitamu wala jikoni. Vaeni glavu mnapopanda. Mwenye watoto wadogo au mbuzi wanaozurura ndani ya lupango, kwa maoni yangu, asilipande kabisa, hata alipende vipi.

Viazi nitaviacha mezani mviangalie. Mkishavishika, ndoo ya maji na sabuni viko pale mlangoni.