Ile Kauntabuku ya Zabibu

Mbukwenyi! Haya, kaeni. Wazazi mliosimama mlangoni sogeeni, viti vipo huku mbele.

Wanaoomba vyuo vya hapa nchini tumalizane nao kwanza. Vyuo vyetu, vinavyosimamiwa na TCU, ile tume ya vyuo vikuu, havitakuuliza kama ulikwenda UMISSETA, ile michezo ya sekondari, au ulikuwa kiranja wa bweni. Vitaangalia matokeo yako. Kwa hiyo nendeni mkasome, msinipotezee muda.

Sasa ninyi mnaoomba vyuo vya Marekani. Hili nimelisema mpaka nyumbani wananikatisha mezani: fomu inauliza unafanya nini na muda wako. Ile Common App, fomu moja inayotumiwa na vyuo vingi vya kule, ina nafasi 10 za shughuli. Tuzo zina sehemu yake nyingine, nafasi 5, na ukiziacha wazi hakuna anayekuja kukukamata.

Kulikuwa na binti mmoja wa Hombolo, Dodoma. Aliniletea fomu yake imejaa klabu: mazingira, mdahalo, Kiingereza, afya, na mbili nimezisahau. Zote "mwanachama". Nikamuuliza, klabu ya mazingira mmepanda miti mingapi? Kimya. Mdahalo wa mwisho ulihusu nini? Akaangalia viatu. Nikamwambia, basi niambie Jumamosi huwa unafanya nini. "Nipo tu nyumbani, mwalimu. Namwandikia bibi."

Unamwandikia nini? Wiki iliyofuata akaja na kauntabuku. Gamba limelegea, kurasa zina madoa ya zambarau, zimegandana kwa utamu. Ndani mistari imepigwa kwa rula: tarehe, kilo, mnunuzi, bei, na safu ya mwisho kaandika kwa wino mwekundu HAJALIPA. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mtoto huyu hakuruka msimu hata mmoja tangu kidato cha pili. Kwa ile safu nyekundu akagundua wanunuzi watatu ndio wanaomzungusha bibi kila msimu. Bibi akaacha kuwapakilia mpaka walipe.

Nikamuuliza, hiki mbona hakipo kwenye fomu? "Hakina cheti, mwalimu."

Jamani! Nilitoka nje nikanywe maji.

Maelezo ya kila shughuli mwisho herufi 150, na nafasi kati ya maneno zinahesabiwa. Aliandika kwa Kiingereza, ila kwa Kiswahili ni hivi: "Natunza hesabu za shamba la zabibu la bibi tangu kidato cha 2; nilibaini wanunuzi 3 wenye madeni; sasa wanalipa kabla ya kupakia." Hesabuni. Zinabaki 21 za kumsalimia bibi.

Namwona baba pale anatikisa kichwa. Mzee wangu, najua unachowaza: wenzao wana medali za olimpiadi ya hisabati. Ni kweli, na kwa chuo kinachochukua watu chini ya 5 katika kila waombaji 100, medali inasaidia. Sitakudanganya. Kesi ya udahili iliyosikilizwa Boston mwaka 2018 ilianika jinsi Chuo cha Harvard wanavyozipanga shughuli kwa madaraja, la 1 likiwa juu kabisa. Aliyeshiriki vizuri bila kung'ara kipekee huangukia la 3. La 3 halikufungulii mlango peke yake, wala halikufungii. Lakini pengo la medali hulizibi kwa kujiandikisha klabu sita mwezi wa tisa wakati fomu inafungwa Januari. Chuo cha MIT wao wana fomu yao, wanataka shughuli 4 tu. Hizo klabu sita utaziweka wapi?

Na usinielewe vibaya, wewe unayecheka kule nyuma: kuchota maji si shughuli kwa sababu tu nimesema bibi. Niambie umechota kwa nani, miaka mingapi, nini kilibadilika. Kulea wadogo zako kuna nafasi yake kwenye orodha, kuuza duka la mjomba pia.

Nilitaka kuzungumzia barua za walimu za kukupendekeza chuoni, lakini naona mlinzi anatikisa funguo. Kwa kifupi: mwombe mwalimu anayekujua, si mwenye cheo. Suala la fedha ndilo gumu kuliko yote haya. Vyuo visivyojali mwombaji wa nje ana uwezo gani wa kulipa ni vichache sana; suala hilo tutalitengea siku yake.

Maswali mawili tu. Yule dada mwenye kitenge, halafu wewe kijana, na usiniulize habari za vyeti.