Toeni huo mto! Maneno kwa wazazi wa watoto waliokatwa miguu, Lamu

Haya, wa nyuma songeni mbele, maikrofoni yenyewe ya kukopa. Mushanijua, nikipewa dakika 10, nane ni za mto wa kulalia.

Mtoto amekatwa mguu juu ya goti, karudi nyumbani, kalazwa chali, na chini ya kigutu, kile kipande cha mguu kilichobaki, pana mto. Tena mto wa haja, foronya imetariziwa. Nani kauweka? Bibi. Kwa nini? Huruma. Sasa huruma hiyo mwaijua kazi yake? Kigutu kiko juu, nyonga imekunjika, misuli ya mbele yafupika kidogo kidogo, baada ya wiki kadhaa mwambie anyooshe, hawezi, ishakaza. Siku ya mguu wa bandia ndo kilio chenyewe, mguu unaelekea mbele badala ya chini, mtoto asimame vipi mpaka abinue kiuno mgongo uingie ndani, hajafika mlangoni ashachoka, mwisho mguu watupwa nyuma ya kabati na lawama anabebeshwa fundi!

Najua kuna atakayesema "we dada huna uchungu wa mwana, kigutu kimevimba." Sawa, kimevimba, basi inua kitanda kizima upande wa miguuni, weka tofali, si kukunja nyonga. Na maumivu yana dawa zake, mto si panadol.

Kinachotakiwa ni kifudifudi. Tandika mkeka, mtoto alale kwa tumbo, uso augeuze upande wa mguu mzima, dakika 20 hivi, mara mbili tatu kwa siku. Ukiona makalio yamepanda juu, huyo anakuchezea, nyonga bado imekunjika, yashushe taratibu. Atachoka? Mpe simu achezee, mimi ndo nimesema, mumwambie na babake.

Tena sisi wa Lamu tuna letu. Mtoto apandishwa punda kwenda shule, darasani kaketi, chuoni kwa Kurani kaketi, jioni barazani kaketi na wazee wanamsifu ametulia, hebu niambieni hiyo nyonga imenyooka saa ngapi leo? Sisemi asiende chuoni, msinitolee maneno mitaani, nasema akirudi alale kifudifudi. Na aliyekatwa chini ya goti asikae ukingoni mwa kitanda kigutu kinaning'inia, goti nalo litakaza hivyohivyo.

Mengine mbiombio maana adhana inakaribia. Mtoto anakua, kwa hiyo mguu wa bandia huenda ukabadilishwa karibu kila mwaka, usifiche ule unaombana ati bado mpya. Aliyekatwa mfupa katikati, si kwenye kiungo, ncha ya mfupa yaweza kurefuka ikasukuma ngozi, ukiona pamechongoka au pamekuwa pekundu mpeleke hospitali, hilo si jini wala husuda. Kigutu kioshwe kila jioni kikauke sawasawa, na mguu wa bandia wa kawaida usiingie baharini, chumvi yala vyuma. Mtoto aliyezaliwa bila mguu asingojewe mpaka shule, akianza kujivuta asimame, kwenye miezi 9 mpaka 12, ndo wakati wa kumtafutia wake.

La mikono tuliache leo. Kufunga bandeji nako sikusemi kwa mdomo, wenye watoto bakini baada ya sala niwaonyeshe, na kila mtu afunge mwenyewe nikimuona.