Dekanali: Kiasi Kidogo Kinachobeba Harufu ya Chungwa

REHEMA: Karibuni, wasikilizaji wetu. Leo tunaizungumzia dekanali, aldehaidi ya mafuta inayopatikana kiasili katika ganda la chungwa, ambayo viwanda huitumia kuvipa vyakula na vinywaji ladha. Kaka Juma, tuanze na umbo lake.

JUMA: Ahsante, dada Rehema. Molekuli yake ni mnyororo ulionyooka wa kaboni 10, mfano wa ile iliyomo katika mafuta tunayokula, na kaboni ya mwisho imeshika oksijeni kwa kifungo maradufu pamoja na haidrojeni moja. Ncha hiyo ndiyo inayoifanya iitwe aldehaidi.

REHEMA: Wengi huamini kwamba chungwa hunukia kwa sababu ya limonini, ambayo kwa kweli ni zaidi ya asilimia 90 ya mafuta ya ganda lake.

JUMA: Wingi huo unadanganya. Limonini peke yake ina harufu hafifu isiyotosha kulitambulisha chungwa. Dekanali haifikii hata asilimia 1, lakini ikiwa ndani ya maji pua huihisi katika kiwango cha sehemu chache tu kwa bilioni. Ndiyo maana wakaguzi wa mafuta ya chungwa hupima jumla ya aldehaidi zake, na hesabu huandikwa kana kwamba zote ni dekanali. Kwangu mimi, kipimo hicho kinasema mengi kuliko kiasi cha limonini.

REHEMA: Msikilizaji akikunja kipande cha ganda bichi mbele ya mwanga, ataona vitone vyembamba vikiruka kutoka kwenye vifuko vya mafuta. Je, harufu anayoipata hapo ndiyo ya dekanali iliyo chupani?

JUMA: Hapana. Dekanali tupu ni nzito, inanukia nta na mafuta, na inakaribia sabuni. Ni pale inapozimuliwa sana ndipo chungwa hujitokeza. Mtaalamu wa ladha akizidisha miligramu chache tu kwa kilo, kinywaji kizima huharibika.

REHEMA: Hata majani ya giligilani, wapo wanaosema yana ladha ya sabuni.

JUMA: Dekanali imo humo, pamoja na jamaa zake wa karibu. Utafiti wa vinasaba umeihusisha hisia hiyo na eneo lenye jeni ya kipokezi cha harufu OR6A2, ingawa urithi hueleza sehemu ndogo tu ya tofauti baina ya watu.

REHEMA: Inatunzwaje, na mwilini inakwenda wapi?

JUMA: Ikikutana na hewa hugeuka polepole kuwa asidi ya dekanoiki, yenye harufu ya mafuta yaliyochacha, kwa hiyo huwekwa mahali pa baridi, katika chupa iliyojaa, na nafasi inayobaki hujazwa naitrojeni. Mwilini badiliko hilohilo hufanywa na vimeng'enya, kisha asidi hiyo hukatwa kaboni mbili mbili na kuwa nishati, sawasawa na mafuta mengine ya chakula.